Taka za Tabata Zilikwenda Wapi?

Wako viongozi, na baadhi yao ni wanachama wenzetu, ambao wakisikia kwamba wakazi wa mtaa fulani wameunda kamati ya kudai mfereji, barabara au maji, neno la kwanza wanalouliza ni hili: "Nani yuko nyuma yao?" Hawaulizi mfereji umeziba wapi, wala ni nyumba ngapi zimeingiwa na maji. Sisi twaona swali hilo ni la watu waliosahau walikotoka, na wale wanaotaka ushahidi tunawakumbusha mambo ya Tabata.

Kwa miaka mingi jiji la Dar es Salaam lilikuwa likimwaga taka zake Tabata. Jaa lile halikuwa porini. Watu walijenga kando yake, wakapika, wakala, wakalea watoto. Taka zilichomwa, moshi ukaingia majumbani. Inzi na harufu mbaya vikawa sehemu ya maisha ya kila siku. Wakazi walilalamika kwa wenye jiji wasisikilizwe. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu, na Mahakama ikawapa haki yao: jiji likaamriwa liache kutupa taka Tabata, litafute mahali pengine ambapo hapatadhuru watu.

Mtu angedhani habari ilikwisha hapo. Haikwisha. Halmashauri iliomba muda, ikaongezewa, na muda ule ulipokaribia kwisha ikarudi kuomba mwingine. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa. Alisema kwamba hajapata kusikia popote chombo cha umma kikienda mahakamani, bila haya, kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaishika ibara ya 14 ya Katiba, ile inayompa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Yafaa wasomaji wakumbuke kwamba haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikapata uwezo wa kuzisimamia mwaka 1988. Basi watu wa mtaa mmoja, kwa ajili ya jaa la taka, walikuwa miongoni mwa wananchi wa kwanza kuzitoa haki hizo kitabuni na kuzitia kazini.

Tena utazameni wakati wenyewe. Nchi ilikuwa na chama kimoja. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Hapakuwa na mtu wa kusema kwamba watu wa Tabata wametumwa na chama kingine, kwa kuwa chama kingine hakikuwapo. Mwenye kushitaki na mwenye kushitakiwa waliweza kutoka mahakamani na kukutana jioni katika tawi moja. Je, nchi ilivunjika? Haikuvunjika. Umoja wa taifa haukupungua hata chembe kwa sababu malori yamekatazwa kumwaga uchafu mlangoni pa watu.

Anayeziogopa kamati za mitaa hajui siasa ya nchi hii ilikulia wapi. Wakati wa ukoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Huduma za mji ziligawanywa kwa mpango huo huo, na aliyekaa Kariakoo au Ilala aliujua mpango huo kwa miguu yake kila mvua iliponyesha. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 haikukuta mitaa mitupu. Ilikuta vyama vya kuzikana, vikundi vya ngoma, vyama vya watu wa nyumbani na timu za mpira. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake mwaka 1955 alipita katika vikundi vya ngoma, akazungumza na viongozi wao, nao wakawaleta wenzao. Wakoloni nao waliuliza nani yuko nyuma ya watu hawa. Ni ajabu kulisikia swali lile lile leo katika vinywa vya warithi wa wale walioulizwa.

Hayo ni ya viongozi. Sasa tunalo neno na kamati zenyewe, na halitawafurahisha wote.

Malori yalipofukuzwa Tabata hayakwenda kulala. Mwaka 1991 yalianza kumwaga taka Kunduchi Mtongani, mahali palipotengwa kwa makazi. Wakazi wa huko zaidi ya 700 wakashitaki, nao wakashinda. Yakageuka tena, safari hii yakaelekea Vingunguti, kando ya bonde la Mto Msimbazi. Baada ya Vingunguti ikawa Mtoni, na baada ya Mtoni ikawa Pugu Kinyamwezi. Hebu zifuateni taka hizo kwa kidole juu ya ramani, halafu mtuambie: je, watu wa Vingunguti hawana pua? Wanazo. Lakini kushitaki kunataka fedha, kunataka siku za kukosa kazi, kunataka mtu wa kusoma hati na kuandika majibu. Mtaa wenye watu wa namna hiyo huondokewa na taka, na mtaa usio nao hupelekewa. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Hatusemi kwamba watu wa Tabata walikosa. Hakuna aliyewajibika kuvumilia moshi ule hata siku moja zaidi, na wa kulaumiwa kwa safari za malori ni jiji, ambalo kila liliposhindwa lilitafuta mahali penye watu wanyonge badala ya kutafuta mahali panapofaa. Lakini tangu hapo miaka zaidi ya 30 imepita, na bado tunaziona kamati ambazo dai lao lote ni maneno matatu: "Ondoeni hapa kwetu." Yapelekwe wapi? Hawasemi. Mfereji wa mtaa wa juu ukichimbwa bila kumwuliza wa mtaa wa chini, maji yanahamia sebuleni kwa mwingine, na kamati inapiga makofi.

Hanna Nassif, huko Kinondoni, walionyesha njia iliyo bora. Miaka ya 1990 wakazi wa huko, waliokuwa wakisumbuliwa na mafuriko, waliunda chama chao, wakafanya kazi pamoja na jiji, wataalamu na Shirika la Kazi Duniani, wakajenga mifereji na barabara kwa nguvu za watu wa mtaani, wanaume kwa wanawake, kwa ujira. Jambo kubwa ni kwamba waliketi na jiji tangu kupanga hadi kujenga. Hawakungoja kuja kukataa kilichokwisha kupangwa.

Katika jambo la taka nafasi ya kufanya hivyo iko wazi. Sehemu kubwa ya uchafu wa Dar es Salaam ni mabaki ya chakula na ya masokoni: maganda ya ndizi, majani, matunda yaliyooza. Vitu hivyo huweza kuwa mboji, na kiwanda cha mboji kimekwisha kujengwa Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Kila toroli linalotengwa sokoni ni toroli lisilokwenda Pugu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeziwekea serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka. Basi kamati na zidai wajibu huo kwa ajili ya mji mzima.

Tunayaomba matawi yetu ya Dar es Salaam yafanye jambo moja kabla ya mvua za masika. Yafungue milango ya ofisi zao na kuziita kamati za mitaa ya Tabata, Vingunguti, Mtoni na Pugu zikae meza moja, bila kuulizana kadi. Madiwani waje na hesabu ya ada ya taka: imekusanywa kiasi gani, imelipa malori mangapi, na kiasi gani kimetumika kwenye jaa lenyewe. Na wajumbe kutoka Pugu wapewe nafasi ya kusema kwanza.