Mcheza Kwao Hutunzwa Lini?

Katika kisiwa cha Jamaica, aliyefunga mabao mengi kuliko wote waliopata kuvaa jezi ya taifa lao si mwanamume. Ni Khadija Shaw, binti aliyezaliwa Spanish Town mwaka 1997 katika nyumba ya watoto 13, ambaye amempita hata marehemu Luton Shelton, kinara wa upande wa wanaume kwa mabao yake 35. Tunaileta habari hii mbele ya wasomaji wetu wa Unguja na Pemba si kwa ajili ya jina lake, ingawa jina hilo lingeitikiwa katika mtaa wowote wa hapa petu, bali kwa kuwa ni habari ya watu wa visiwani, na ndani yake mna mambo ambayo wakubwa wa michezo popote pale wasingependa yasemwe kwa sauti.

Binti huyo alijifunza mpira mtaani pamoja na wavulana. Alifiwa na ndugu zake kadhaa, wengine wakiuawa kwa risasi za magenge, naye hakuacha kucheza. Masomo yalimpeleka Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Tennessee. Mwaka 2019 akaenda Bordeaux ya Ufaransa, na msimu wa 2020-21 akawa mfungaji bora wa ligi ya nchi hiyo kwa mabao 22. Mwaka 2021 Manchester City wakamchukua. Msimu wa 2023-24 alifunga mabao 21 katika mechi 18 tu za Ligi Kuu ya wanawake ya Uingereza, akatwaa kiatu cha dhahabu.

Hayo ndiyo yanayotangazwa. Yasiyotangazwa sana ni jinsi alivyotendewa kwao.

Timu ya taifa ya wanawake ya Jamaica iliwahi kuvunjwa kwa kisingizio cha kukosa fedha, na mwaka 2014 aliyeinusuru hakuwa waziri wala mwenyekiti wa chama cha soka, bali Cedella Marley, bintiye Bob Marley, aliyesimama kuichangia na kuiombea wafadhili. Kutokana na jitihada hizo Jamaica ikawa nchi ya kwanza ya Karibiani kufika Kombe la Dunia la wanawake, kule Ufaransa mwaka 2019. Wakapigwa mechi zote tatu, lakini walifika. Waliporudi, ikawabidi Shaw na wenzake watangaze hadharani kwamba hawatacheza tena mpaka walipwe haki yao. Mwaka 2023, kabla ya kwenda Australia kwa fainali nyingine, wachezaji walitoa barua ya wazi wakilalamikia safari, malazi, mazoezi, chakula na malipo, naye mama wa mchezaji mmoja akafungua mchango wa hadhara ili timu ya taifa ipate kujiandaa. Timu ya taifa, tunarudia, ikapitishiwa bakuli kama msiba wa mtaa!

Timu hiyohiyo ikaenda ikatoka sare na Ufaransa, ikaifunga Panama, ikatoka sare na Brazil na kuitoa mashindanoni, bila kufungwa hata bao moja katika kundi lake, hadi Colombia ilipowatoa kwa bao moja katika hatua ya 16 bora. Wapenda hesabu watasema kwamba Shaw mwenyewe hakufunga bao lolote katika fainali hizo mbili, na kwamba alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Ufaransa. Ni kweli. Lakini anayefunga mabao 21 kwa kocha anayemwandaa mwaka mzima, kisha akapewa siku chache za maandalizi ya kubahatisha katika jezi ya taifa, hawezi kupimwa kwa mizani moja pande zote mbili.

Sasa turejee kwetu. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama kamili wa CAF tuliopewa Machi 2017 ulifutwa Julai mwaka huohuo. Kwa hiyo binti wa hapa mwenye ndoto ya Kombe la Dunia lazima apitie Twiga Stars ya Tanzania. Njia yake ni ndefu kuliko ya mwenzake wa Jamaica. Wapo pia wazee wenye wasiwasi wa mavazi na heshima, na wasiwasi huo haufai kudharauliwa. Huzungumzwa na wazazi, ukapatiwa dawa kwa kiwanja chenye faragha na mwalimu mwanamke anayeaminika. Tangu mwaka 2007, ilipotoka filamu ya Zanzibar Soccer Queens juu ya timu ya Women Fighters, dunia inajua kwamba wanawake wa Unguja wanacheza mpira. Hakuna ofisa anayeweza kusema hana habari.

Uwanja wa Amaan ulifunguliwa upya Desemba 2023 ukiwa umependeza, nasi tuliipongeza Serikali kwa dhati. Sasa tunawauliza wahusika maswali mepesi. Mabinti wamepangiwa saa ngapi kwa wiki kufanya mazoezi pale, na Gombani je? Katika kila shilingi mia za soka la visiwa hivi, ngapi humfikia msichana kwa viatu, nauli na posho, na humfikia lini, kabla ya mechi au baada ya magazeti kuandika? Mchezaji akiumia goti, nani hulipa daktari? Hatumtuhumu mtu. Majibu hayo yamo katika madaftari ya ofisi, na kuyatoa hakuhitaji kamati wala semina. Tunaomba yatolewe kabla ya ligi ya wanawake ya msimu ujao kuanza, nasi tutayachapa yote katika ukurasa huu.