Maana ya Neno "Sanity"

Vijana wetu wasomao Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno "sanity", na wengi hulifasiri upesi kuwa ni kutokuwa na wazimu. Tafsiri hiyo si kosa, lakini haitoshi, na upungufu wake huleta madhara majumbani mwetu.

Asili ya neno hili ni Kilatini, "sanus", yaani mwenye afya. Hapo kale lilihusu mwili na akili pia. Na katika shina hilo hilo limetoka neno "sanitary", lihusulo usafi wa kulinda afya. Baadaye Waingereza walilifunga "sanity" kwenye akili peke yake. Lugha yetu ingali inashika maana zote mbili: twasema mtu ni mzima wa mwili, na twasema ni mzima wa akili. Uzima ni ule ule.

Siku hizi madaktari hawalitumii sana neno hili. Wao huutaja ugonjwa kwa jina lake. Zaidi ni neno la mahakama. Mwaka 1843 Daniel M'Naghten alimpiga risasi na kumwua katibu wa Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel, naye akaonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Ndipo majaji wakaeleza kanuni: kila mtu huhesabiwa kuwa ana akili timamu mpaka ithibitike kinyume chake; lakini ambaye kwa maradhi ya akili hakujua alitendalo, au hakujua kuwa ni ovu, hatiwi hatiani. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa sheria za Kenya na Tanzania juu ya jambo hili.

Sheria ya Kiislamu nayo tangu zamani haimwandikii dhambi aliyepotewa na akili, wala haimlazimishi sala na saumu, mpaka akili imrejee. Na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa kuwatibu wagonjwa wa akili.

Basi, ikiwa neno lenyewe ni afya, aliyeikosa ni mgonjwa. Mwenye homa twampeleka kwa daktari. Mbona huyu twamficha chumbani, twamfunga kamba, na watoto wakamfuata njiani wakimzomea? Twawasihi wazazi wasimwite mtoto punguani kwa kuvunja sahani, na vijana wasilifanye jina la ugonjwa kuwa tusi. Mgonjwa hahitaji jina. Ahitaji dawa na jamaa wa kumsubiri apone.