Mazungumzo ya Jamaa: Kabla ya Kupanda Meli

Shule zifungwapo mwezi wa Juni na wa Desemba, jamaa nyingi za huku kwetu hufikiri safari. Ziko safari za kwenda kwa bibi Lushoto au kwa mjomba Korogwe. Lakini iko safari moja ambayo watoto huiota usiku: kupanda meli pale bandarini Tanga na kuvuka mpaka Pemba, au kufika hata Unguja. Wengine wana ndugu walioolewa huko, wengine wana binti anayefundisha shule huko, na wengine wanataka tu watoto wao waijue bahari. Ni jambo jema. Wazee wakisafiri pamoja na watoto wao, hupatikana mazungumzo ambayo nyumbani, kwa wingi wa kazi, hayapatikani.

Ila wengi wetu huanza matengenezo ya safari hii kwa mkia. Hutafuta kwanza viatu vya watoto, maandazi ya njiani, zawadi ya wenyeji na begi la kutia yote hayo. Hati huzikumbuka mwisho.

Tuseme jamaa ya watu 6 watoka Gare: baba, mama na watoto 4. Wanashuka stendi ya Kange jioni, wanakwenda kulala kwa ndugu yao Ngamiani, katika zile barabara zenye namba. Meli ni ya kesho. Baada ya chakula mwenyeji anauliza, "Shemeji, vyeti vya watoto mmekuja navyo?" Mama anamtazama baba. Vyeti viwili vimo sandukuni, Gare. Mtoto wa tatu ana cheti cha ubatizo tu. Wa mwisho, anayenyonya, hakukatiwa hata tikiti, maana walisema atapakatwa. Na tikiti ya baba, iliyonunuliwa kwa simu, imeandikwa Yohane, hali kitambulisho chake cha Taifa chasema John.

Sasa ndipo anapotokea mtu mwenye huruma ya uongo. Anasema, "Msihangaike. Iko mashua itokayo usiku kule pwani. Haitaki karatasi yoyote, na nauli yake ni nafuu." Nauli ya basi imekwisha kulipwa, watoto wamekwisha kuahidiwa. Je, baba huyu atafanya nini?

Watu wengine hudhani ya kuwa kuulizwa jina na kitambulisho ni usumbufu wa serikali au wa wenye meli. Sivyo. Yako mambo mawili yaliyotupata nchini mwetu, nayo yatosha kutufundisha.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, ikiwa imekaribia Mwanza. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba watu 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwapo, lakini wale wa daraja la tatu, yaani watu wa kawaida kama mimi na wewe, hawakuandikwa. Walikufa watu zaidi ya 800. Kwa kuwa hapakuwa na majina, hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika ni akina nani waliokuwamo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama upande wa Nungwi. Meli hiyo iliruhusiwa abiria wasiofika 700. Mwanzo walitajwa watu mia kadhaa tu waliokuwamo. Baadaye tume ya uchunguzi ikaona ya kwamba walikuwa zaidi ya 2,000. Tazama tofauti hiyo! Ni watu wazima na watoto, kila mmoja na mama yake na kijiji chake, wala hawakuwamo katika hesabu ya kwanza.

Basi, orodha ya abiria ina kazi mbili. Kwanza, humzuia nahodha asipakie kupita kiasi, maana majina yakijaa, mlango hufungwa. Pili, likitokea la kutokea, huwaambia waokoaji wamtafute nani, na huwaambia walio nyumbani nani alikuwamo. Mtoto aliyepitishwa chini ya khanga bila kuandikwa hayumo katika kazi hiyo ya kwanza wala ya pili. Je, nauli yake ingekuwa ngapi? Ya mtoto mara nyingi ni pungufu ya mtu mzima, na ya mchanga huwa kidogo sana au si kitu kabisa. Kinachotakiwa si fedha yake, ni jina lake.

Na ile mashua ya usiku je? Vituo vya namna ile huitwa bandari bubu, nalo ni jina lililopewa kwa haki, maana havisemi nani ameondoka. Mwezi wa Januari 2017 chombo kilichotoka Tanga kwenda Pemba kilizama si mbali na pwani yetu, wakafa watu zaidi ya 10. Mkondo wa Pemba si mto wa kuvuka kwa mtumbwi: kina chake hufika mita 800 hivi, na pepo za kusi, hasa toka Juni mpaka Agosti, huinua mawimbi makubwa. Baba wa Gare na airudishe jamaa yake nyumbani, au aingojee meli ya siku nyingine. Watoto watalia siku moja, kisha watasahau.

Lakini ni heri zaidi asifike katika njia panda hiyo. Basi tuyapange mambo tangu mwanzo.

Kwanza, fungua sanduku. Fanya hivyo miezi mitatu kabla ya safari, si siku tatu. Mtandaze mezani hati za kila mtu wa nyumba: kitambulisho cha Taifa, au walau namba ya NIDA, kwa kila aliyetimiza miaka 18, na cheti cha kuzaliwa kwa kila mtoto. Safari ya Pemba na Unguja ni safari ya ndani ya Jamhuri ya Muungano. Mtanzania hatakiwi pasipoti. Lakini kitambulisho hutakiwa wakati wa kukata tikiti na wakati wa kupanda, na cheti cha kuzaliwa ndicho kimshuhudiacho mtoto ni nani na wazee wake ni akina nani.

Hapa nataka kusema neno kwa jamaa za Kikristo. Wengi wetu tunatunza cheti cha ubatizo vizuri sana, nasi twadhani ya kuwa kinatosha. Kwa mambo ya Kanisa chatosha. Kwa serikali, hakisimami mahali pa cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo kina faida yake kubwa: mtu aliyechelewa kuandikisha kizazi hutakiwa kuleta ushahidi, na cheti cha ubatizo ni mmoja wa ushahidi unaokubaliwa, pamoja na kadi ya kliniki na vyeti vya shule. Basi usikitupe; kipeleke. Kazi hii hufanywa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na huduma yake hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Sheria yataka kizazi kiandikishwe katika siku 90. Kwa watoto wasiotimiza miaka 5, tangu mwaka 2013 umekuwako mpango ulioanzia Mbeya na kuenea mikoa mingi, ambao mtoto huandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata na kupewa cheti bila malipo. Mama aendaye kliniki na mtoto mgongoni na aulize hapo hapo.

Pili, jina liwe moja. Huu ndio ugonjwa wetu. Padre alimbatiza Yohane, mwalimu akamwandika John, karani akamwandika Johni, na babu yake humwita kwa jina la kimila, ambalo nalo limeingia katika hati moja. Mtu ni mmoja. Karatasi zasema ni watu wanne. Keti na karatasi zote, usome jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa nayo. Ukikuta tofauti, usiingoje mpaka bandarini. Nenda kwa hakimu au wakili ukaulize habari ya hati ya kiapo, na katika ofisi iliyotoa ile hati ukaulize namna ya kuisahihisha. Jambo hili huchukua siku nyingi, ndiyo maana nimesema miezi mitatu. Tena tikiti iandikwe jina lile lile lililo katika kitambulisho, hata kama nyumbani hakuna akuitaye hivyo.

Tatu, kata tikiti mahali pake. Nunua katika ofisi ya wenye meli au kwa wakala wao anayejulikana, nawe uone jina lako likiandikwa. Wapiga debe wa bandarini huuza tikiti za watu wengine. Mtu akisafiri kwa jina la mwingine, huyo aliyeandikwa yuko kwake amelala, na huyo aliyemo melini hajulikani. Siku na saa za meli hubadilika. Usimtegemee jirani aliyesafiri mwaka jana, bali piga simu ofisini mwenyewe kabla ya kuondoka kijijini. Ndugu yako wa Ngamiani aweza kukusaidia katika hili, naye atafurahi kuombwa mapema kuliko kugongewa mlango usiku.

Nne, kwa wale watakao kupita mipaka. Wako watakaokwenda Mombasa, kwa njia ya Horohoro. Hapo sasa ni nchi nyingine, na mambo hubadilika. Mtanzania anatakiwa awe na pasipoti au hati ya safari ya dharura itolewayo na Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroni ilizinduliwa mwaka 2018. Kila mtu hupata yake, hata mtoto mchanga. Mtoto hasafiri ndani ya pasipoti ya mama yake. Ili kuipata hutakiwa cheti cha kuzaliwa, na hapo tumerudi tena kwenye lile sanduku. Ikiwa mtoto asafiri na mzazi mmoja tu, au na shangazi, yafaa kuchukua barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Askari wa mpakani akimwuliza mtu mtoto huyu ni wa nani, hamchukii. Wako watoto walioibiwa, naye ndiye mlinzi wao.

Tano, siku yenyewe. Fikeni bandarini mapema. Hati zote zikae katika mfuko mmoja wa nailoni, usipenye maji, na mfuko huo ashike mtu mmoja, si begi litakalokwenda na mizigo. Piga picha za hati kwa simu, nyingine mwachie ndugu wa nyumbani, na mwachie pia majina yenu, jina la meli na saa ya kuondoka. Watoto wasishibishwe sana. Anayechafukwa na bahari apewe tangawizi, akae mahali penye hewa, atazame mbali. Mkiisha kukaa, baba aulize maboya ya kuvaa yako wapi, na yapo ya kimo cha watoto au la. Kisha wafundishe watoto namna ya kuyavaa wakati bahari i shwari.

Na ukiona chombo kimejaa mpaka watu wasimama ngazini, shuka. Usione haya. Nauli iliyopotea hutafutwa tena shambani. Tanzania Bara vyombo vya majini husimamiwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli, na Zanzibar iko Mamlaka ya Usafiri Baharini. Waambieni. Na wenye meli wakitangaza ya kuwa safari imeahirishwa kwa sababu ya upepo, tusiwatukane. Nahodha anayekubali kuchekwa bandarini ni nahodha wa kumshukuru.

Najua mtu atasema, "Mambo haya yote kwa safari ya siku moja!" La, si ya siku moja. Cheti kile kile ndicho atakachoulizwa mtoto akienda kuandikishwa shule, akiomba mkopo wa masomo, akitafuta kitambulisho chake mwenyewe atakapotimiza miaka 18. Safari ya Pemba imetupa sababu tu ya kuifanya kazi tuliyoiahirisha tangu mtoto azaliwe.

Basi, Jumapili hii baada ya chakula, mama atoe ufunguo, baba alete karatasi na kalamu, nanyi waiteni watoto wote mezani. Aandikwe kila mmoja, toka mkubwa mpaka yule anyonyaye, na mbele ya jina lake iandikwe hati aliyo nayo na hati anayokosa. Zikishajulikana zile anazokosa, mtajua pia ni lini mwaweza kukata tikiti. Safari njema.