Kabla ya Kununua Betri ya Pili, Punguza Mwanga



Mfugaji mmoja alinifuata ofisini akiwa na swali ambalo nimelisikia mara nyingi: "Bwana shamba, betri yangu ya sola haifiki asubuhi. Ninunue ya ukubwa gani?" Ana vifaranga 200 bandani. Usiku wa kuamkia siku hiyo betri ilikata ghafla, banda likawa giza, vifaranga wakashtuka na kulundikana kwenye kona moja. Asubuhi aliokota 11 waliokufa kwa kukandamizana.

Nilimuuliza taa yake inawaka kwa nguvu gani saa 8 usiku. Akanishangaa. "Si ni ileile? Taa ina nguvu mbili?"

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Wengi wetu tunatumia taa kama vile haina njia nyingine zaidi ya kuwaka yote au kuzimwa kabisa. Betri ikishindwa, ushauri wa haraka ni kununua kubwa zaidi, na mimi pia nimewahi kuutoa ushauri huo. Siku hizi naamini tunauanza mwisho. Kwanza punguza mwanga usiouhitaji, kisha pima tena. Wengi watakuta betri waliyonayo inatosha.

Hesabu yenyewe

Tuchukue taa ya utepe wa LED ya volti 12, wati 12. Hiyo inakula ampea 1. Ukiiwasha saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 11, kwa hiyo umetumia ampea-saa 11. Betri ya asidi iliyoandikwa 20Ah haipendi kushushwa chini ya nusu yake kila siku. Ukifanya hivyo inazeeka haraka, na utalalamika kwamba umeuziwa betri mbovu kumbe umeichosha mwenyewe. Nusu yake ni ampea-saa 10. Umeshapita.

Sasa iache taa iwake yote kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, wakati unahudumia banda au wateja bado wanakuja dukani. Hizo ni ampea-saa 3. Kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi ishushe hadi sehemu moja ya tano. Saa 8 kwa ampea 0.2 ni ampea-saa 1.6. Jumla ni 4.6, chini ya nusu ya matumizi ya mwanzo. Betri ni ileile na paneli ni ileile. Siku ya mawingu, paneli ina deni dogo la kulipa.

Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba jicho halioni kama mita. Ukishusha umeme wa taa hadi nusu, jicho halioni nusu, linaona mwanga umepungua kidogo tu. Hata kwenye moja ya tano, kifaranga anaona chombo cha maji na wewe unaona kama kuna mtu kasimama mlangoni pa duka.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo

Kifaa ni transista iitwayo mosfeti. Ina miguu mitatu. Umeme wa taa unapita kwenye miguu miwili, na mguu wa tatu, unaoitwa geti, unatoa amri ya kufungua au kufunga. Geti lenyewe halinywi umeme wa kuhesabika.

Wengine huuliza: kwa nini nisichukue volumu ya redio nikaifunga kwenye waya wa taa? Kwa sababu volumu ya redio imetengenezwa kubeba umeme mdogo sana. Ukipitisha umeme wa taa ndani yake, itaungua. Kwenye mpango huu mosfeti ndiyo inayobeba mzigo, volumu inatoa amri tu.

Wapo pia mafundi wanaofunga volumu moja kwa moja kwenye geti na kuishia hapo. Inafanya kazi, ila mosfeti inakuwa imefunguka nusunusu. Inapata joto, hasa ukiongeza taa, na kadiri inavyopata joto mwanga unahama wenyewe. Njia iliyo bora ni kuifungua yote na kuifunga yote kwa haraka sana. Fikiria koki ya maji: ukiifungua sekunde 1 na kuifunga sekunde 4, mwisho wa siku ndoo zimepata moja ya tano ya maji. Taa nayo ni hivyohivyo, ila koki hii inafunguka na kufunga zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, na jicho halioni kuwa inazimika. Anayetoa amri hiyo ya haraka ni aisii ndogo ya 555, iliyopo sokoni tangu miaka ya 1970 na mafundi redio wengi wanaijua.

Mpe fundi orodha hii

- Aisii ya NE555, moja
- Mosfeti ya IRFZ44N, moja
- Volumu ya 100K, moja
- Dayodi za 1N4148, mbili
- Rezista tatu: ya 1K, ya 10K na ya omu 100
- Kapasita mbili zilizoandikwa 103, na moja ya maikrofaradi 100, volti 25
- Fyuzi ya ampea 2 na swichi

Bei hutofautiana kutoka mji hadi mji, lakini vifaa hivi vyote kwa pamoja havikaribii bei ya betri. Vingine fundi atavitoa kwenye mashine mbovu alizonazo.

Kufunga: mguu wa 8 na wa 4 wa 555 huenda chanya, mguu wa 1 huenda hasi. Rezista ya 1K inatoka chanya kwenda mguu wa 7. Mguu wa 7 unaenda katikati ya volumu. Kila mguu wa pembeni wa volumu unapata dayodi yake, na upande wa pili wa dayodi zote mbili unakutana kwenye miguu ya 2 na 6 iliyounganishwa pamoja. Dayodi moja ielekeze umeme kwenda kwenye miguu hiyo, nyingine ielekeze kurudi. Kutoka miguu hiyo ya 2 na 6, kapasita moja ya 103 inaenda hasi. Ya pili inatoka mguu wa 5 kwenda hasi. Kapasita ya maikrofaradi 100 inakaa kati ya chanya na hasi, na uangalie isigeuzwe.

Mguu wa 3 ndio unaotoa amri. Unapita kwenye rezista ya omu 100 kwenda geti la mosfeti. Rezista ya 10K inaunganisha geti na hasi, ili mosfeti ijifunge yenyewe kama amri haipo. Ukiitazama mosfeti usoni penye maandishi, miguu ikiwa chini, kushoto ni geti, katikati ni dreni, kulia ni sosi. Sosi inaenda hasi. Dreni inapokea waya wa hasi wa taa. Waya wa chanya wa taa unatoka kwenye chanya baada ya fyuzi na swichi.

Swichi usiiache. Volumu ikishushwa hadi mwisho taa inafifia sana lakini haizimiki kabisa.

Makosa niliyoyaona

La kwanza: taa inawaka yote na haishuki. Mara nyingi hasi ya taa imefungwa kwenye hasi ya nyumba nzima badala ya dreni, au dreni na sosi zimebadilishana nafasi.

La pili: mosfeti inaungua vidole. Kwa mzigo wa ampea 1 inapaswa kuwa baridi. Ikiwa moto, amri inayofika kwenye geti ni dhaifu. IRFZ44N inataka volti 10 hivi ili ifunguke vizuri, na 555 inayokula volti 12 inaitosheleza. Fundi anayetaka kutumia kibodi cha volti 5 atafute IRLZ44N.

La tatu: bati la mgongoni mwa mosfeti kugusana na boksi la chuma. Bati hilo limeungana na dreni. Tumia boksi la plastiki.

La nne: kuchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Paneli ya volti 12 isiyo na mzigo hufika volti 20 na zaidi, na NE555 mwisho wake ni volti 16. Chukua umeme kwenye sehemu ya kidhibiti chaji yenye mchoro wa taa. Hapo kidhibiti kitalinda betri isishuke kupita kiasi.

La tano, na hili nalisema kwa sauti: usiifunge saketi hii kwenye umeme wa gridi. Ni ya betri ya volti 12 tu. Umeme wa ukutani unaua, na huu si mpango wake.

Pia ujue kuwa taa za utepe wa LED hupungua vizuri, lakini baadhi ya balbu za volti 12 zina saketi yake ndani na zinaweza kupepesa au kukataa kushuka. Mpelekee fundi taa yako mwenyewe aijaribu kabla hujalipa.

Bandani na dukani

Kwa vifaranga, siku 3 za kwanza acha mwanga uwe mkali ili wajifunze kuona chakula na maji. Baada ya hapo unaweza kuushusha usiku. Ukitaka kuzima, shusha kidogokidogo kwa nusu saa. Kuku akiona giza linakuja polepole hutafuta mahali pa kulala. Likimwangukia ghafla hukimbilia kwenye kona. Kumbuka pia kwamba taa ya LED haileti joto la maana, kwa hiyo jiko la kulelea vifaranga linabaki palepale.

Kwa kuku wa mayai, jumla ya saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku inatosha. Huku kwetu karibu na ikweta jua linatupa kama saa 12, kwa hiyo unaongeza saa 2 hadi 4 tu. Usibadilishe saa hizo leo hivi na kesho vile, maana kuku anaacha kutaga.

Kwa mwenye duka, mwanga mkali ni wa saa za mauzo. Usiku wa manane unahitaji mwanga wa kulinda tu.

Wanaonipinga

Kuna anayesema: nunua taa ndogo ya wati 3, yaishe. Ana hoja. Kama unahitaji kiwango kimoja cha mwanga usiku kucha, fanya hivyo, ni rahisi kuliko haya yote. Kipunguza mwanga ni cha mtu anayehitaji mwanga mkali saa fulani na hafifu saa nyingine, na bandani ni cha anayehitaji kushuka polepole.

Mwingine anasema vipunguza mwanga vilivyotengenezwa tayari vinauzwa mjini. Ni kweli, na vingi ndani yake vina mosfeti hiihii. Ukivipata kwa bei nzuri, nunua. Lakini cha dukani kikiharibika usiku wa vifaranga wa siku ya tano, hakuna wa kukifungua. Kilichotengenezwa na kijana wa redio pale senta, yeye anajua kila waya ulipo na atakitengeneza kabla jua halijazama. Kijiji kinachojua kutengeneza kifaa chake hakisubiri basi la mjini. Na fedha uliyomlipa inarudi dukani kwako kununua sukari.

Yule mfugaji wa vifaranga hakununua betri. Alimpelekea fundi wa senta yetu orodha kama hii, wakaifunga pamoja siku moja jioni. Kundi lililofuata alilala nalo bila kuamka kuangalia taa.

Fanya hivi wiki hii: andika taa yako ni ya wati ngapi, inawaka saa ngapi, na ni saa ngapi kati ya hizo unahitaji mwanga wote. Gawanya wati kwa 12 upate ampea, zidisha kwa saa, kisha linganisha na nusu ya betri yako. Kama hesabu inakusumbua, njoo nayo ofisini siku ya gulio pamoja na taa yenyewe. Tutaifanya pamoja kabla hujatoa fedha yako kwa betri nyingine.