King'amuzi Nyumbani: Nani Afunguaye Mlango?



 Mwezi huu twapenda kusema juu ya kitu kidogo kilichokaa chini ya televisheni katika nyumba zetu nyingi, nacho ni king'amuzi. Kimekwisha zoeleka hata hatukitazami tena, wala hatujiulizi kimetubadilishia nini. Na jambo lililozoeleka ndilo lihitajilo kuangaliwa zaidi.

Asili ya khabari hii ni mkutano wa mataifa uliofanyika Geneva mwaka 2006, chini ya shirika la Umoja wa Mataifa lisimamialo mawasiliano. Nchi za Ulaya, za Afrika na nyingi za Mashariki ya Kati zilipatana kwamba, kwa sehemu kubwa ya masafa, matangazo ya televisheni ya namna ya kale, yaitwayo analojia, yasiwe na kinga tena baada ya tarehe 17 Juni 2015. Tanzania haikungoja siku hiyo. Dar es Salaam ilizima mitambo yake ya analojia tarehe 31 Disemba 2012, na Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha na Mbeya zikafuatia mwaka 2013. Kenya shauri lilikwenda mpaka Mahkama ya Juu, na mapema mwaka 2015 stesheni kubwa za watu binafsi zilikaa zaidi ya wiki mbili bila kuonekana, kabla nchi haijakamilisha mabadiliko hayo mwaka ule ule.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Katika analojia, njia moja ya mawimbi hubeba stesheni moja tu. Katika dijitali, picha na sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, zikabanwa, na njia ile ile ikaweza kubeba stesheni nyingi, pengine kumi na zaidi. Seti ya zamani haiwezi kuzisoma tarakimu hizo. Ndipo kikahitajiwa king'amuzi cha kuzifungua. Na mawimbi yaliyobaki wazi, serikali zikaweza kuyagawa kwa kazi nyingine, khasa mtandao wa simu.

Sasa na tuitazame nyumba. Watu wa Unguja walianza kuona televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, na Bara ikangoja mpaka mwaka 1994. Katika siku hizo stesheni zilikuwa chache, na seti zenyewe zilikuwa chache. Watu walikaa pamoja, bibi na mjukuu, wenyeji na majirani, wakatazama kitu kimoja. Likija jambo la aibu, mtu mmoja aliinuka akazima, na haya iliyokuwamo ndani ya chumba ilikuwa mlinzi. Baba aliweza kusema, na alikuwa na haki kiasi, kwamba yeye hana khiari: kilicholetwa ndicho kilichoonekana.

Udhuru huo umekwisha. Leo baba ndiye anunuaye king'amuzi, ndiye achaguaye kifurushi, na ndiye alipaye kila mwezi. Aliyelipa amechagua, na aliyechagua ataulizwa. Mtume wetu ametufundisha habari ya uchunga, kwamba hapana mwenye watu chini yake asiyekuwa na hesabu juu yao. Wako wasemao televisheni yote ni fitna, itupwe nje. Na wako wasemao ni maendeleo, basi watu wasiulize neno. Sisi twaona kundi zote mbili zinaikimbia kazi. Kazi ni kuchagua, na kuchagua kwataka macho yaliyo wazi kila siku.

Jambo la kwanza ni mali. Katika Tanzania na Kenya ziko stesheni za bure, na ziko za kulipia. Kabla ya kununua king'amuzi, muulize muuzaji waziwazi: malipo yakisha, ni stesheni gani zitakazobaki? Mtu mwenye seti ya kale iliyo nzima hana haja ya kununua mpya. King'amuzi huungwa nayo kwa nyaya, na kazi ikaendelea. Mwenye kuitupa seti yake asiiache uani watoto wakaivunja, kwani kioo cha seti za kale kina madini ya risasi, nayo ni sumu. Na twasema kwa uchungu: ziko nyumba ambazo kifurushi cha mpira hakichelewi hata siku moja, na ada ya mwalimu wa madrasa ina miezi mitatu haijalipwa. Mwalimu huyo ana watoto, naye huona haya kudai. Deni lake lina haki ya kutangulia mpira. Na ambaye hana fedha asiingie njia ya kununua kadi za wizi; kuchukua huduma ya mtu bila idhini yake ni kula mali ya watu, hata kama mwenyewe yuko mbali na hajui.

Jambo la pili ni jirani. Mitambo ilipozimwa, nyumba za maskini na za wazee wengi ziliingia giza, kwa kuwa king'amuzi kilitaka fedha na antena ilitaka mtu wa kuielekeza. Zamani picha dhaifu ilionekana kwa chenga chenga. Ya dijitali ikidhoofu hukatika kabisa. Hata leo wako wajane ambao seti zao zimekufa kwa waya uliochomoka tu. Enyi vijana, elimu hii mnayo. Pandeni darini mkawatengenezee wala msichukue ujira. Na mtoto wa jirani akija kutazama, asisimamishwe dirishani.

Jambo la tatu, nalo ndilo zito, ni watoto. Ving'amuzi vingi vina kufuli la tarakimu, ambalo kwalo mzazi hufunga stesheni asizozitaka. Jifunzeni kulitumia, na tarakimu zenyewe zisiwe mwaka wa kuzaliwa ambao kila mtoto aujua. Seti ikae ukumbini, isikae chumba cha kulala. Iwekwe saa ya kuizima, na saa hiyo imfunge baba kama imfungavyo mwana. Kwani baba akaaye kwenye mpira adhana ikapita hawezi kumwambia mwanawe neno likasikiwa.

Lakini tusidhani kwamba kufuli limemaliza kazi. Tumesema kwamba masafa yaliyoachwa na analojia yalifungulia njia mtandao wa simu. Basi mabadiliko haya yalikuwa na milango miwili: mmoja uliingia ukumbini mbele ya watu wote, na wa pili ukaingia mfukoni kimya kimya. Mzazi aliyeufunga wa kwanza akalala usingizi, na mwanawe yuko chini ya shuka na simu mkononi, amefunga nusu ya nyumba. Simu haina bibi aliyekaa kando yake, wala haina mtu wa kuinuka akazima. Hapo hapana kufuli litoshalo ila mazungumzo: mtoto ajue kwa nini jambo fulani halifai, alijue kutoka kwa wazazi wake, kwa upole na mapema, kabla hajafunzwa na wageni.

King'amuzi kimepata jina lake katika kung'amua, nako ni kutambua lililofichika. Chombo hungamua tarakimu. Mema na mabaya hungamuliwa na mzazi. Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona yaliyo ndani ya nyumba zetu, na nguvu ya kuyatengeneza, kwa hekima wala si kwa ukali. Amin.