NESI MPYA ASIACHIWE MASHINE PEKE YAKE



Sisi watu wa reli twaijua sheria moja isiyo na mzaha: kijana hatoki darasani leo akapewa treni kesho. Kwanza hukaa kando ya dereva mzee. Hujifunza njia, miteremko, ishara na breki. Hupimwa, ndipo apewe ruhusa. Hakuna asemaye kwamba anacheleweshwa, kwa kuwa kila mtu ajua nyuma yake kuna watu.

Basi twauliza: kwa nini sheria hii isifuatwe katika chumba cha kusafisha damu, yaani dayalisisi?

Jambo hili latuhusu. Wako wenzetu ambao figo zao zimeshindwa kazi. Huenda hospitali mara mbili au tatu kwa juma, wakafungwa kwenye mashine muda wa saa nne kila mara. Na mabinti na vijana wetu wanaotoka vyuo vya unesi hupelekwa huko wangali wapya. Binti wa mwenzetu mmoja aliachiwa wagonjwa wanne baada ya majuma mawili tu. Alipotaka mtu wa kumwuliza, akaambiwa asome kitabu cha mashine.

Yako maneno mawili tunayosikia, na yote mawili twayakataa.

La kwanza: ati nesi mpya hafai kabisa, akae wodini miaka kadhaa kwanza. Ni kweli wodi hufundisha jicho kumtambua mgonjwa anayezidiwa. Lakini haifundishi mashine. Hata nesi wa miaka kumi wodini, akifika hapo, huanza upya. Mpya anaweza kuijua kazi hii vizuri, akifundishwa.

La pili ni baya zaidi, nalo ni la wakubwa: "Mashine ina kengele, atajifunza akiendelea." Ajifunzie juu ya nani? Damu ya mtu hutolewa mwilini, ikapita katika kichungi, ikarudi. Maji yakitolewa mwilini kwa haraka mno, presha huanguka. Hewa ikiingia katika damu, yaweza kuua. Sindano ya kurudishia damu ikichomoka, kengele yaweza kunyamaza huku damu yamwagika chini ya blanketi. Hapo kinachookoa ni jicho la nesi aliyefundishwa kutazama mkono wa mgonjwa.

Tena yako maji. Kwa kikao kimoja lita 120 hivi hupita upande wa pili wa kichungi. Klorini ikibaki ndani yake, huharibu chembe za damu, kwa hiyo maji lazima yapimwe kabla ya kazi kuanza. Katika mji wa Caruaru, nchi ya Brazili, mwaka 1996, wagonjwa zaidi ya 50 walikufa kwa sababu maji ya bwawa yenye sumu hayakusafishwa sawasawa. Hiyo si kazi ya kubahatisha.

Mwaka 2015 Serikali yetu ilianza kukodi mitambo kwa hospitali za kaunti, na za kusafisha damu zilikuwamo. Mwaka 2020 kamati ya Seneti iliyochunguza mpango ule ilionyesha kwamba mitambo mingine ilikaa bure kwa kukosa watu wa kuiendesha. Chuma kilikumbukwa, mtu akasahauliwa.

Watasema fedha hakuna. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya SHA. Fedha hiyo ni jasho letu, nasi tuna haki ya kuuliza ni nani anayetushika mkono tukilala pale.

Kwa hiyo twadai:

1. Nesi mpya afundishwe miezi mitatu, kando ya nesi mzoefu aliyetajwa kwa jina, na kila kazi aliyoiweza itiwe sahihi.

2. Katika muda huo asihesabiwe kuwa mtu wa zamu. Mwanafunzi si nusu ya mfanyakazi wa kujazia pengo.

3. Alipwe mshahara wake kamili, na achanjwe ugonjwa wa ini aina ya B kabla ya kugusa damu.

4. Akiisha kukomaa, apewe nafasi ya kwenda kusomea unesi wa figo katika chuo cha KMTC, na kazi yake imngoje.

Nawe nesi mpya, usione haya. Neno "sijafundishwa" si aibu. Lilisemwa mapema huokoa roho. Usitie sahihi kazi usiyoijua. Ingia katika chama chako, useme neno hilo pamoja na wenzako, maana sauti ya mmoja hufukuzwa mlangoni.

Anayenunua injini na kukataa kumfundisha dereva, siku ya ajali asimtafute dereva. Ajitafute mwenyewe.

Umoja ni nguvu.