Siku Moja Kisumu kwa Miguu

Msomaji, ukipata siku moja Kisumu, itembee peke yako. Asiye na mwenzi huona mengi. Toka Milimani asubuhi, ushuke hadi bandarini. Hapo ndipo reli itokayo Mombasa ilipofika mwaka 1901, mahali pakiitwa Port Florence. Lakini jina Kisumu lina asili ya Kijaluo, nalo lakumbusha watu waliokuja kubadilishana mali kwa chakula.

Jioni nenda Dunga, utazame wavuvi wakipenya katikati ya magugumaji. Mji wa Bruges, huko Ubelgiji, ulipungukiwa na biashara baada ya mkono wake wa bahari, Zwin, kujaa mchanga. Nasi tusiliachie ziwa lizibwe, maana ndilo lililotupa bandari.